Kitambaa cha Mashine ya Injinia

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu Injinia kaja na kompyuta ya mpakato ya kazini. Bado yuko kwenye majaribio, lakini mimi namwita Injinia. Nisubiri nini? Anachora daraja. Mchoro ukikamilika Ijumaa asubuhi, kazi ni yake. Usipokamilika, kazi inakwenda kwa mwenzake wa meza ya pili.

Mashine yenyewe, jamani! Nyeusi, nene, pembe za chuma. Kifuniko kinalala chali mpaka kinagusa meza. Vitufe vya namba vina upande wao peke yao, kama mashine ya benki. Chaja ni tofali.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwita jirani, Mama Pacha, aje kuazima chumvi. Akasema chumvi anayo. Nikamwambia aje tu.

Kompyuta ya mwanawe ni nyembamba kama sahani, na kanichosha nayo mwaka mzima. Nikamwekea ya kwetu mapajani. Akakunja uso. Nikamwambia huo ndio uzito wa elimu. Nikafurahi mapema. Akaigeuza, akaona matundu ya nyuma na ya ubavuni, akauliza hii ni kompyuta au chujio, na mende wakihamia humo kodi watamlipa nani. Kacheka mpaka kwake.

Nimekasirika hadi nikaunguza mboga.

Jumatano, 6 Machi

Nimefuma kutwa. Uzi mweupe, maua ya manjano pembeni, nimebana vizuri, hata sisimizi hapiti. Redio yangu imevaa kitambaa miaka yote na haijawahi kuugua. Injinia hajui. Atashangaa mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Mchana Injinia kaiacha mashine inapika mchoro wa mwisho (ndivyo wanavyosema wenyewe, yaani inaukamilisha peke yake), akaenda kumwona bosi. Kaniambia: Mama, nakuomba, usiiguse.

Sikuigusa. Niliifunika. Ni vitu viwili tofauti.

Ikaanza kuvuma. Feni za ndani zikapiga kelele kama kinu cha kusaga. Nguvu hiyo! Nikafungua dirisha ili Mama Pacha asikie. Mara ikanyamaza. Nikajua imemaliza mapema, kwa kuwa imepata utulivu.

Injinia akarudi. Akafunua. Akaweka kiganja, akakitoa haraka. Akasema, kwa ile sauti ndogo ya baba yake akikasirika, kwamba yale matundu ndiyo pua zake. Kwamba imejizima isiungue. Kwamba mchoro unaanza upya. Nikamwuliza kitambaa chenyewe kakionaje.

Kabeba mashine, kabeba tofali, kaenda kumalizia ofisini bila kugusa chakula. Nimekaa nikikitazama kinapoa. Nililia kidogo. Sikutaka apoteze kazi, mtoto wa watu. Mtoto wangu, yaani.

Ijumaa, 8 Machi

Kapata! Mchoro ulikamilika bosi akiwa anavuta kiti akae. Nimepiga vigelegele hadi Mama Pacha kaja mbio kuuliza nani anaolewa. Nimemweleza jinsi nilivyosaidia. Injinia alikuwa anakunywa maji, yakampalia.

Baadaye kanikumbatia, akaniambia kwa upole kwamba tangu leo mashine itakuwa inabaki ofisini. Nimeelewa. Wa ofisini hawawezi kukaa mbali nayo. Kisha akateleza ulimi: huko zipo nyingine kumi na moja, nene vilevile, matundu vilevile. Zote uchi!

Uzi nimeshanunua.