Kwenda Bure

Walimwita Dirisha. Mwenyewe alisema ni kwa sababu huwafungulia watu dunia. Waliompa jina hilo walimaanisha kwamba mtu yeyote mwenye macho humwona mpaka ndani. Asubuhi hiyo alisimama ufukweni, viatu vipya miguuni, mfukoni hewa tupu, akitazama kisiwa kidogo kilichokaa majini mkabala na mji.

Jioni alitakiwa kwa mama yake mchumba wake, kujitambulisha kwa mara ya kwanza.

"Mama hapendi mikono mitupu," mchumba alimwonya kwenye simu, "na hapendi mwanaume wa maneno mengi. Akikukataa leo, mimi simpingi."

Dirisha alimpenda yule msichana kwelikweli; pengine ndicho kitu pekee maishani mwake ambacho hakukitia ujanja. Mikono angeweza kuijaza. Maneno ndiyo yangemshinda.

Akamlainisha mwenye boti mpaka akakubali kulipwa baadaye, kisha akapanda juu ya kreti ya soda. "Kisiwani! Kisiwani! Kwenda bure!"

Dirisha alizaliwa bara, mbali na bahari. Kwake maji ni maji: ukiyaacha mahali asubuhi, jioni utayakuta palepale, kama ya kwenye ndoo.

Watu wakajaa. Mbele kabisa alikuwa mama mmoja mnene mwenye mtandio wa njano, pengo la jino la mbele na kapu mkononi.

"Karibu, mama mkwe wangu!" Dirisha akamshika mkono. Wanawake wote wa umri ule aliwaita hivyo, nao hucheka, na anayecheka huwa keshanasa nusu.

"Haya, mkwe. Na kurudi je?"

"Kurudi tutaongea hukohuko, mama. Wewe furahia kwanza."

Mama akawatazama wenzake, wenzake wakatazama maji, wote wakatabasamu. Dirisha akajipongeza kimoyomoyo.

Kisiwani palikuwa na kaa, vichaka na ukuta uliobomoka. Dirisha akaufanya jumba la kifalme. "Hapa alilala mfalme. Pale, mke mdogo. Katikati, mke mkubwa, akisikiliza."

"Hicho kilikuwa choo," mama akasema. "Nilikiona kikijengwa."

"Ndiyo, mama. Hiyo ni baadaye." Akakohoa. "Sasa, wapendwa, kwenda tumemaliza. Kurudi kuna nauli kidogo." Nauli aliyoitaja ingemfikisha mtu ng'ambo ya dunia. "Asiyetaka aogelee. Ila papa wa huku hawajanywa chai."

Hakuna aliyepiga kelele. Mama alitandika khanga, akafungua kapu, akaanza kugawa mikate. "Hatuna haraka, mkwe."

Mwenye boti akasema yeye anaondoka, boti isije ikakwama. Akihitajika apungiwe shati. Ikakwame wapi? Dirisha hakuuliza. Alijilaza kichakani kusubiri njaa iwalainishe wateja, akichagua kichwani zawadi za mama mkwe wa kweli, na usingizi ukampitia.

Alipoamka, hapakuwa na mtu. Bahari ilikuwa imekupwa na kuacha njia ya mchanga mpaka mjini, imejaa nyayo, na sasa maji yalikuwa yakirudi kuimeza. Ng'ambo, mtandio wa njano ulikuwa ukimpungia. Wote walijua watarudi kwa miguu. Walipanda boti kwa sababu ilikuwa bure, basi. Kuogelea Dirisha hakujua, na wale papa aliowatunga mwenyewe akaanza kuwaogopa.

Akavua shati, akapunga. Mwenye boti alikuja taratibu sana.

"Kwenda ulikwenda bure, bosi," akasema, akimwangalia miguu. "Hivyo viatu ni namba ngapi?"

Jioni Dirisha alipiga hodi akiwa peku, suruali imelowa, mikononi hana kitu. Njiani alikuwa ametunga uongo wa kila aina, na kila aliojaribu ulionekana mjinga kuliko yeye. Aliona aibu, na aliogopa kumkosa yule msichana. Akaamua kusema kweli, maana ndiyo iliyobaki.

Mlango ukafunguliwa. Kwanza aliona mtandio wa njano, kisha pengo.

"Shikamoo, mama," ndiyo maneno pekee yaliyomtoka.

"Marahaba." Mama alimtazama kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu. Nyuma yake mchumba alisimama kajiziba mdomo. "Kumbe ukitaka unaweza kusema machache."

Akasogea pembeni kidogo.

"Pita ndani, mkwe. Kuingia ni bure."