Dawati la Kuthibitisha Ubinadamu

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya ngazi zote zinazohusika, naomba kuutangazia umma kwamba ofisi yetu ya vyeti ndiyo ya kwanza kabisa kuwa na Dawati la Kuthibitisha Ubinadamu. Msimamizi wake ni mimi. Zamani nilikuwa nawaonyesha watu benchi za mapokezi na chumba cha kwenda. Sasa nawaonyesha benchi zilezile, ila nina beji.

Wajukuu zangu, nanyi wengine mnaosoma, msicheke kabla sijamaliza. Jambo hili lina msingi wake.

Mkurugenzi wetu ni mtu wa kwenda na wakati. Asubuhi husoma habari za teknolojia kwenye simu, na ikifika mchana zimeshakuwa waraka. Aliposoma kwamba maneno ya siri yawe marefu na yabadilishwe mara kwa mara, alitubadilishia kila siku, mpaka ikabidi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ili asisahau mtu. Aliposoma kwamba siku hizi mashine inaandika barua, alileta moja, ikaanza kuwajibu wananchi. Wananchi nao hawakulala. Wakaziambia simu zao ziandike malalamiko. Kwa miezi kumi na mmoja mashine yetu na simu zao zikaandikiana kwa adabu ambayo sijapata kuiona katika mji huu. "Tunathamini sana subira yako." "Nami nathamini sana kuthamini kwako." Hakuna aliyepata cheti hata kimoja. Ripoti ya mwaka ilisema mawasiliano na wananchi yameongezeka mara tisa.

Kisha Mkurugenzi akasoma mahali kwamba huwezi tena kujua kama barua imeandikwa na mtu au na mashine. Alishuka ngazi mbiombio, simu mkononi.

"Kumbe tumekuwa tukihudumia mashine!" akasema. "Kuanzia Jumatatu kila mwombaji aje mwenyewe, na athibitishe kuwa ni mtu."

"Lakini mheshimiwa," nikamwambia, "hawa wote nawajua. Yule pale nilimbeba mgongoni. Huyu anadaiwa mwavuli wangu."

"Kumjua mtu si ushahidi, mama."

Mashine ileile ya barua ikapewa kazi ya pili. Ikawekwa ndani ya sanduku la kijivu lenye kioo na kipaza sauti, ikatundikwa ukutani, ikaitwa Kipimo. Utaratibu ni mwepesi. Unasimama mbele yake, inakuuliza, unajibu, inatoa asilimia. Ukivuka hamsini wewe ni mtu, unapewa namba ya foleni. Usipovuka, unajaribu tena. Ukishindwa mara tatu, kanuni ya tisa inasema wewe ni mashine, na kwa kuwa umekutwa ndani ya jengo letu, unaandikwa kwenye Daftari la Vifaa kama mali ya ofisi.

Wa kwanza alikuwa muuza mkaa wa nyuma ya soko.

"Tafadhali eleza hisia zako kuhusu huduma zetu," Kipimo kikasema.

"Hisia? Nimesimama hapa tangu asubuhi, halafu sanduku kama wewe liniulize hisia? Sura kama mlango wa kabati! Nani kakutundika hapo, na kwa nini hakukaza?"

Asilimia tisini na nane.

Siri ikawa imevuja. Kufikia Jumatano watu walikuwa wanafanya mazoezi ya matusi kwenye benchi, wengine wameyaandika viganjani. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu hata "toka hapa", alipata thelathini na moja. Muuza mkaa akamchukua pembeni akamfundisha kwa nusu saa. Mwalimu akarudi, akajikohoza, akanyoosha kidole.

"Ewe kopo!"

Hamsini na nne. Ukumbi mzima ulimpigia makofi, naye akakaa chini.

Mimi nilikuwa nawapoza kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mgeni, kila akija ananivunjia viti, kisha ananiambia ameniboreshea nyumba."

"Sasisho la simu!" benchi zima likajibu, na mzee mmoja akaongeza kwamba yule wa kwake alivunja hata meza.

Kwa maoni yangu kipimo chenyewe kilikuwa hicho, lakini kanuni haikunitaja.

Alhamisi akaingia mjukuu wangu, fundi pikipiki, grisi mpaka viwikoni. Nyuma yake mchumba wake, fundi saa, mtu mwembamba, mkimya, ndevu zimechongwa kwa rula. Harusi yao ilikuwa Jumamosi. Cheti cha ndoa hutoka kwetu, na bila cheti mfungisha ndoa hafungui hata kalamu.

"Mke mwenzangu," nikamsalimia, "umemleta mume wetu?"

"Wangu, Bibi. Wewe kaa na beji yako."

Akasimama mbele ya Kipimo.

"Kwa nini unahitaji cheti?"

"Kwa sababu nampenda huyu bwege, na ukinichelewesha nitakufungua skrubu zote nikuuze vipuri."

Tisini na saba. Akaja fundi saa, mikono nyuma.

"Eleza siku yako ya leo."

"Niliamka saa kumi na mbili na dakika nne. Nikafungua kibanda saa mbili kamili. Nimetengeneza saa tatu, moja bado."

"Unajisikiaje?"

"Sawa."

Asilimia tisa.

"Litukane!" mjukuu wangu akamnong'oneza.

"Limenikosea nini?"

"Liambie tu ni jinga!"

"Sijui kama ni jinga. Sijalifungua."

Kipimo kilisikia. Asilimia sita. Ikabaki mara moja. Mjukuu wangu akamshika shati. "Basi liambie unavyonipenda. Liambie ulivyolia siku ile nilipoanguka na pikipiki. Liambie kwa moyo, tafadhali."

Fundi saa akakisogelea kioo. Nilimwona shingo imelowa jasho.

"Nampenda," akasema. "Tangu tarehe kumi na nne, saa kumi na robo jioni."

Mimi nilitoa machozi. Kipimo kikatoa asilimia nne.

Mtunza stoo akaja na vibandiko vyake. Ni mtu mwema, hana ubaya na kiumbe. Akambandika fundi saa kwenye mfuko wa shati: Kifaa namba 1148.

"Samahani sana kaka. Ni kazi tu."

"Hakuna neno," fundi saa akajibu, na jibu hilo halikumsaidia.

"Unampeleka wapi mchumba wangu?" mjukuu akapaza sauti.

"Stoo, dada, kati ya mashine ya fotokopi iliyokufa na zile feni. Ukimhitaji, andika barua ya kuazima kifaa. Majibu ni siku kumi na nne za kazi. Na umrudishe akiwa katika hali uliyomchukua nayo."

"Nirudishe mume?"

"Au ulete maelezo ya maandishi ya uharibifu."

Mjukuu wangu akakaa chini sakafuni na ovaroli yake. Tangu utoto hajawahi kukaa sakafuni ila akiwa ameshindwa kabisa. Nikasema, hapana, hapa lazima wataalamu wahusishwe.

Wataalamu wetu ni wawili, wanakaa nyuma ya kioo, na sisi tumewapa majina. Mmoja ni Mwanzo Mpya, mwingine ni Usiguse.

"Bibi, tatizo ni lugha iliyoandikiwa huu mfumo," Mwanzo Mpya akaniambia. "Imepitwa na wakati tangu Jumanne. Tunafuta kila kitu, tunaandika upya. Miezi kumi na minane tu."

"Usiguse!" mwenzake akaruka. "Mwaka juzi aligusa mstari mmoja, lifti ikaanza kusimama kwenye ghorofa ambayo hatuna."

"Wanangu, harusi ni kesho kutwa. Hili si kosa la mashine?"

"Si kosa," wakajibu kwa pamoja, na ndiyo mara pekee nimewasikia wakikubaliana. "Ni tabia ambayo haikutarajiwa."

Wakarudi kwenye mjadala wao wa miaka mitatu, kama maandishi yawe meupe juu ya weusi au meusi juu ya weupe. Nikawafungia mlango taratibu, kama unavyofunga chumba chenye wagonjwa.

Ijumaa asubuhi nikapanda kwa Mkurugenzi. Kwa kanuni zake mwenyewe, ni yeye tu anayeweza kubadilisha Daftari la Vifaa, tena kwa kukiamuru Kipimo kwa sauti yake. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri. Akauliza kama ukumbi una watu wengi. Nikamwambia umejaa. Akasema basi atashuka, akachapa karatasi moja kwenye printa, akaikunja mfukoni.

Benchi zote zikasimama. Mjukuu wangu alikuwa mbele, hajalala, nguo ya harusi iko kwenye mfuko wa plastiki, maana aliapa haondoki bila mtu wake.

"Ninaamuru marekebisho ya daftari," Mkurugenzi akasema.

"Thibitisha ubinadamu kwanza," kikajibu Kipimo.

"Mimi ni Mkurugenzi."

"Hilo si jibu la swali. Wewe ni nani?"

Mkurugenzi akatabasamu, akakunjua karatasi. "Katika kutekeleza azma yetu ya kujenga mazingira wezeshi na shirikishi kwa wadau wote wa mnyororo wa huduma..."

"Asilimia sifuri. Maneno haya nimeyaandika mimi."

Kicheko kikaanzia benchi la nyuma kikaja mbele.

"Litukane, mheshimiwa!" muuza mkaa akampa moyo. Alikuja kusindikiza tu; siku hizo alikuwa hakosi.

Mkurugenzi akakunja uso, akakusanya hasira zake zote. "Wewe... wewe umeonyesha upungufu mkubwa wa umakini katika utoaji wa huduma kwa wateja!"

Sifuri.

"Mheshimiwa," nikamwambia pole pole, kama mwanangu, "acha karatasi. Sema kitu kutoka moyoni."

Akaweka mkono kifuani. Akafumba macho. Akavuta pumzi.

"Kutoka moyoni," akasema, "naomba kuchukua fursa hii..."

Sifuri ya tatu.

Mtunza stoo alikuwa ameshafika. Akambandika kwenye tai. Kifaa namba 1149. "Samahani sana mheshimiwa. Ni kazi tu."

Sasa ikawa ofisi haina mkurugenzi. Wataalamu walikuwa wametoka nyuma ya kioo; Usiguse akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa sauti kanuni ya kumi na mbili, iliyotiwa saini na Mkurugenzi mwenyewe: asipokuwepo, nafasi yake itashikwa na binadamu aliyethibitishwa na mwenye beji. Ukumbi mzima ukaangalia kifua changu.

Mimi sikujitafutia. Nilitumikia tu taifa langu. Nikasogea kwenye Kipimo.

"Wewe ni nani?" kikaniuliza.

"Nani kakufundisha kumuuliza hivyo mtu mzima bila hata shikamoo?"

Tisini na tisa.

"Basi futa kifaa namba 1148," nikasema. "Kimechakaa. Apewe mwombaji wa kwanza aliyesimama hapa."

"Bibi! Kachakaa?" mjukuu akaruka.

"Nyamaza, weka saini."

Kipimo kikafuta. Fundi saa akatolewa stoo, ana vumbi la feni kichwani. Nikagonga muhuri kwenye cheti chao mara mbili, kwa raha zangu. Mjukuu wangu akamkumbatia kwa nguvu hadi grisi ya ovaroli ikahamia kwenye shati lake, naye kwa mara ya kwanza akasahau kuangalia ni saa ngapi. Wakatoka mbio na cheti na ule mfuko wa plastiki.

Nilidhani kazi imekwisha. Mtunza stoo akanifuata na daftari.

"Samahani, Kaimu Mkurugenzi. Hiki kifaa kipya hapa kuna sehemu ya kujaza. 'Kazi ya kifaa.' Niandike nini?"

Nikafikiri. Nikawaangalia wataalamu, wao wakaangaliana.

"Anaratibu," Mwanzo Mpya akasema.

"Anaratibu nini?"

Mkurugenzi akajibu mwenyewe kutoka mlango wa stoo: "Ninasimamia uratibu wa utekelezaji wa..."

"Nafasi ni ndogo, mheshimiwa," mtunza stoo akamwambia. "Maneno mawili."

Akaangalia dari, akaangalia viatu vyake. Tai ikampanda na kibandiko chake.

"Sijui, jamani!" akalia. "Sijui! Miaka saba naingia hapa, nasoma simu, natia saini, narudi nyumbani. Mke wangu ananiuliza leo umefanya nini, najifanya nimesinzia! Sijui!"

Kipimo kikapiga kengele ambayo hatukujua kama kinayo.

Asilimia mia moja.

Hakuna aliyecheka. Muuza mkaa alijifuta macho kwa upindo wa nguo. Nikamwendea, nikambandua kibandiko taratibu nisimharibie tai.

"Hongera, baba. Wewe ni mtu."

Akapangusa uso, akajinyoosha, akaanza kuelekea ngazi. "Basi naweza kurudi ofisini kwangu?"

"Mtu yeyote anayetaka kitu humu ndani," nikamwambia, "anachukua namba."

Nikampa. Mia mbili kumi na saba. Tulikuwa tunahudumia ya arobaini.

"Mwalimu," nikasema, "hebu sogea kidogo hapo kwenye benchi, mgeni akae."