Mshale wa Kwenda Ngomeni

Jumatano, 30 Septemba 1998

Kesho sikukuu ya Wachina. Maduka ya jumla yote ya mtaa wa Zhanqian, tunakonunua bidhaa, yanafungwa. Bi Mwatima, Mzanzibari anayetupikia wali hapa mtaani Xiaobei, amekodi basi dogo. Tutakwenda milimani, tupite msituni na kijiji cha mvinyo wa matunda ya lichi, tumalizie kwenye magofu ya ngome. Agripina atakuwepo! Nitamposa kule kule juu. Nimeshamnunulia viatu vya safari, vyekundu.

Tatizo ni Abednego, mfanyabiashara mwenzangu. Naye anamtaka Agripina. Naye anatoka Mwanza kama Agripina. Na anachekesha. Mimi sichekeshi. Lazima apotee. Kidogo tu.

Alhamisi, 1 Oktoba

Matope hayajanitoka kuchani, lakini naandika.

Asubuhi mambo yalikwenda sawa. Msitu wa mianzi, giza na ubaridi. Kijijini, mitungi ya mvinyo imepangwa hadi barabarani. Waislamu wakanywa chai, sisi wengine tukaonja. Abednego akabaki nyuma akibishana bei. Nafasi ndiyo hiyo! Basi tukaliacha pale, tukapanda kwa miguu. Mbele kuna njia panda na kibao chenye mshale: ngome juu. Nikasema nafunga kamba za kiatu. Wenzangu walipokata kona, nikauzungusha mshale ukaelekea bondeni. Nikawakimbilia huku napiga mluzi.

Ngomeni Bi Mwatima akahesabu watu. Akauliza kama Agripina ameshafika. Nikasema si alikuwa mbele nawe? Akasema hapana: soli ya kiatu chake kipya imebanduka, alibaki kijijini, Abednego anamshonea.

Mluzi ukanikauka mdomoni.

Mawingu yakashuka. Bi Mwatima akamuuliza dereva, aliyepanda nasi, kama kuna njia nyingine. Dereva akasema ipo ya bondeni, lakini ilikatika kwa mvua. Chini yake ni korongo.

Nikatimua mbio. Nimeanguka mara ngapi, sijui. Pale njia panda nikasimama, nikarudisha mshale kwanza. Ndiyo, kwanza! Kisha nikateremka nikiita. Ukungu. Maji tu yananguruma. Halafu sauti ya Abednego, nyembamba, kama si yake:

"Usisogee! Udongo unameguka!"

Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, ameng'ang'ania mkono wa Agripina. Agripina mwenyewe ananing'inia. Nikamkamata Abednego miguu, nikavuta. Sijawahi kusali vile tangu kipaimara. Pole pole, pole pole, Agripina akapanda. Tukalala matopeni wote watatu, tunahema.

Agripina akaniuliza, "Bartholomeo, ulijuaje tuko huku?"

"Moyo ulinituma."

Akalia. Na mimi nikalia, kwa sababu zangu.

Ijumaa, 2 Oktoba

Bi Mwatima kaniita jikoni. Kafunga mlango.

"Baba," akasema, "tulipopita, mshale ulielekea juu. Agripina anasema ulielekea bondeni. Tuliporudi, unaelekea juu. Mshale gani huu wenye miguu?"

Nikasema labda upepo. Milimani upepo ni mkali. Akanitazama mpaka jasho likanitoka. Akasema kama si mikono yangu kumvuta yule binti, angeshawaambia watu wote. Ila nisikanyage tena safari zake. Na masufuria yote ya leo nioshe mimi.

Nimeosha. Sufuria la pilau limenitoa kucha. Nimeapa mbele ya jiko: fitina basi!

Jumapili, 4 Oktoba

Abednego amemposa Agripina. Amekubali! Eti pale ukingoni ndipo alipoujua moyo wake. Yaani ni mimi niliyewaunganisha! Wanataka niwasimamie harusi, kwa kuwa nimekuwa ndugu yao. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Jumamosi wanakwenda kwa sonara kuchagua pete. Abednego amebanwa na mizigo mtaani Sanyuanli, kaniomba nimfikishie Agripina ujumbe: wakutane saa tatu asubuhi.

Nitamwambia saa tano. Abednego hana subira, watagombana pale pale dukani. Hakuna msitu, hakuna mvua. Kumchelewesha mtu saa mbili tu, kuna hatari gani?