Pipa la Kina Walker

Jumatatu, 29 Julai

Murdo Menzies kapita dukani nikikaanga chipsi. Kaniuliza, mbele ya foleni nzima, eti Jumamosi kwenye michezo ya koo ya kila mwaka hema la ukoo wangu litakaa wapi, nyuma ya vyoo? Watu wakacheka. Kila mwaka kina Menzies wanaingia uwanjani kwa zumari na bendera. Mimi, Struan Walker, nauza chipsi getini. Basi. Mwaka huu naingia kwenye gwaride la koo, au nahama mji.

Jioni nikaenda kwa Mama Geddes, katibu wa michezo. Nikamwambia kina Walker tumeamua kuwa ukoo. Chifu ni mimi. Kaniangalia sana. Kasema haya, lakini kila ukoo unaleta ukurasa mmoja wa kueleza jina lao limetoka wapi. Unasomwa kwenye kipaza sauti mkiwa mnaingia.

Ukurasa mmoja tu. Kazi ndogo.

Jumanne, 30 Julai

Tayari. Kina Walker tuliongoza wapanda farasi vitani. Nimeweka upanga. Nimeweka na mjane anayelia. Babu Wattie kausoma huku anakunywa chai, kasema kwenye ukoo huu hajasikia mtu aliyepanda hata punda. Wazee wanasahau mambo.

Nimeupeleka.

Alhamisi, 1 Agosti

Maafa. Murdo, ambaye hajashika kitabu tangu shule, kaenda maktaba. Kamletea Mama Geddes kitabu cha zamani cha mji. Walker wa kwanza hapa alikuwa mkanyaga nguo. Yaani sufu ikitoka kwa mfumaji inatumbukizwa kwenye pipa la mkojo uliochacha. Walker anapanda humo miguu mitupu, anakanyaga mpaka kitambaa kishikane. Jina, yaani mtembeaji, limetoka kwenye kazi hiyo. Mkojo ulikusanywa nyumba kwa nyumba.

Murdo kaja kuagiza chipsi, kasema zisitiwe siki. "Chifu, harufu iliyopo inatosha."

Mama Geddes kasema ukurasa wangu kauwashia jiko. Nikitaka gwaride, usomwe ukweli, na nikanyage nguo mbele ya watu. La sivyo, nirudi getini na chipsi zangu. Nikakataa. Mtu ana heshima yake. Dakika kumi na moja baadaye nikampigia simu.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumeingia. Mimi na bendera, Babu na pipa kwenye toroli. Kwenye kipaza sauti mkojo umetajwa mara sita, nimehesabu. Nilidhani pipani kutakuwa na maji ya sabuni. Lakini Mama Geddes akishika jambo kalishika. Tangu asubuhi alikuwa anapitisha ndoo kwenye hema la bia.

Nikapanda. Mkono mmoja umeshika juu kilti, ile sketi ya kiume ya ukoo, mwingine bendera. Babu ananiambia nikanyage kama mwanamume, siyo kama kuku kwenye tope. Watu wakaacha kutazama shindano la kurusha magogo, wakaja kwetu. Halafu mama yake Murdo katoka kwenye hema la kina Menzies, kavua viatu. "Sogea, mwanangu. Kabla sijaolewa na mimi nilikuwa Walker." Kapanda. Dada zake wawili wakamfuata, wanaimba, wananipiga vikumbo.

Hema la kina Menzies likabaki na Murdo na sahani ya biskuti. Nikamwita: binamu, karibu pipani.

Jumapili, 4 Agosti

Nimeoga mara nne. Paka bado ananikwepa.

Mama Geddes kapiga simu. Kasema umeona mwenyewe, kijana, watu wanapenda ukweli. Mwaka ujao pipa linawekwa katikati ya uwanja, na sisi tunaingia wa kwanza. Nikamwambia nimemwelewa kabisa, somo limeingia.

Ukurasa wa mwaka ujao nimeshauanza. Mkojo wa pipa la kwanza la kina Walker ulitoka kwa mfalme mwenyewe. Nimeweka mashahidi wawili, askofu na daktari.