Besi wa Mto Nepean

Jumatatu, 11 Oktoba 2021

Tumefunguliwa. Siku mia moja na kitu za kukaa ndani zimekwisha leo, kwa wenye chanjo mbili. Penrith nzima, mji wetu huku Australia, imekimbilia kwa vinyozi. Mimi sikwenda. Nina mpango.

Sababu ya mpango ni Njenga. Ni Mkenya, nesi, anafanya kazi wodi moja na mke wangu Kokugonza na anakaa mtaa wa pili. Asubuhi ametuma picha kwenye grupu letu la WhatsApp. Yuko mtoni, maji magotini, ameshika samaki kwa mikono miwili kama anabatiza mtoto. Besi, samaki wa mto wa huku, mgongo rangi ya shaba. Humvua kwa ufito mwembamba na inzi bandia, kijidudu cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoano. Hakuna mnyoo, hakuna nyama. Halafu humrudisha majini. Watu thelathini na mmoja wameweka alama ya moyo.

Wa thelathini na mbili ni Kokugonza. Na alitabasamu. Nilimwona kwa macho yangu, pale mezani.

Baba yake alifariki Julai, kwao Kyaka. Mipaka imefungwa, hakuweza kwenda. Mazishi aliyatazama kwenye simu, jikoni, amevaa sare kwa sababu zamu ilikuwa inamsubiri. Tangu siku ile tunazungumza kuhusu maziwa na siku ya kutoa takataka. Basi. Nimejaribu maua. Nimejaribu ndizi za kupika. Nimejaribu utani. Njenga kajaribu samaki mmoja, kafaulu.

Nikamuuliza kimemfurahisha nini. Akasema Njenga ni mtu aliyetulia.

Basi nitatulia. Kabla ya Jumapili nitavua besi mkubwa kuliko wa Njenga. Mimi ni Methodi, mzaliwa wa Bukoba, mtoto wa ziwa. Sijawahi kuvua, ni kweli. Lakini ziwa nimelitazama kila siku kwa miaka ishirini, na hilo si jambo dogo.

Jumatano, 13 Oktoba

Ufito nimeupata Rooty Hill, kwa mzee mmoja anayehama nyumba. Alitaka kunionyesha namna ya kurusha mshipi. Nikamwambia natoka ukoo wa wavuvi. Akanigongea kiwiko kwa heshima. Nilirudi nikiwa na kifua mbele.

Mazoezi nimefanya uani kwa kufuata video. Mwalimu anasema ufito ucheze kati ya saa kumi na saa mbili. Nikaipiga picha saa kichwani. Saa kumi yetu, mshale uko chini kulia. Saa mbili yetu, chini kushoto. Ufito ukapiga majani nyuma, ukapiga majani mbele, robo saa nzima nafagia uwanja. Baadaye ndipo nikagundua alikuwa anasema saa za Wazungu, mishale ikiwa juu.

Baada ya hapo mambo yakaenda vizuri zaidi. Mshipi ukapaa. Ukapita juu ya kichwa changu, ukapita juu ya kibanda cha vifaa, na inzi akatua kwenye kamba ya nguo, kwenye sare ya Kokugonza, chini ya mfuko. Nikavuta. Heri nisingevuta.

Binti yetu Vicky, miaka kumi na minne, alikuwa dirishani. Nikamwomba kwa Kiswahili asimwambie mama yake. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hajaona kitu, ila angependa kurudishiwa simu yake. Nimemrudishia. Sare nimeishona mwenyewe kwa uzi mweusi. Sare ni ya buluu.

Kokugonza aliivaa jioni, akaupitisha mkono kwenye mshono, akanitazama. Hakuuliza. Ningefurahi kama angeuliza.

Ijumaa, 15 Oktoba

Leo nataka kuandika polepole.

Nimekaa Penrith miaka sita. Mto Nepean nimeuvuka kwa treni na kwa gari sijui mara ngapi, na kwangu ulikuwa kitu cha kuvuka tu, kama taa za barabarani. Leo nilipotoka ghalani kwenye zamu ya asubuhi nikashuka mpaka ukingoni na ufito wangu. Nikasimama.

Ni mpana kuliko nilivyodhani. Maji ya kijani, mazito, yanakwenda yote kwa pamoja bila sauti. Ng'ambo, milima ya buluu imejipanga. Mivinje imeinama mpaka inagusa kivuli chake. Nikaangalia juu nikaona matawi yamejaa nyasi kavu, matambara, na kiti cha plastiki. Nikajiuliza nani amepanda kuweka kiti kule. Kisha nikakumbuka mafuriko ya Machi. Hakuna aliyepanda. Maji yalikuwa kule. Mto huuhuu mpole ulikuwa juu ya kichwa changu, na juu ya ncha ya ufito nikiunyoosha mkono. Nikavua kofia, sijui kwa nini.

Halafu nikaanza kurusha. Inzi watatu wamebaki kwenye mivinje. Wa nne alitua majini vizuri kabisa, ila mshipi ulikuwa umenizunguka shingoni.

Nilipokuwa najifungua, nyenje mmoja, wale wadudu wanaolia mitini wakati wa joto, akaanguka majini hatua tano tu kutoka nilipo. Akapiga mabawa. Maji chini yake yakafunguka. Sauti fupi, nene, kama mtu amebusu kiganja chake. Nyenje hakuwepo tena. Pakabaki duara moja likipanuka mpaka likanifikia miguuni.

Nikakaa kwenye mchanga. Sikurusha tena. Nilikaa mpaka jua likaingia nyuma ya milima, natazama mahali pale pasipo na kitu.

Nimerudi nyumbani bila samaki. Kokugonza alisema maziwa yamekwisha. Imebaki siku moja.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nimepata njia nyingine.

Duka la samaki lilifunguliwa asubuhi. Nilichagua mnono, mwenye madoa mazuri ubavuni. Muuzaji akasema ni trauti. Nikasema ndiye hasa. Nikaenda naye mtoni, nikamlowesha, nikaiegesha simu kwenye jiwe, nikaingia maji magotini nikamshika kwa mikono miwili kama anayebatiza. Nikaweka uso wa mtu aliyetulia. Picha ya kumi na tisa ilifaa.

Nikaandika kwenye grupu: "Mungu ni mwema. Mto Nepean, asubuhi hii. Nimemrudisha majini salama, aendelee na maisha yake."

Mioyo arobaini na minne. Akilimali, mwenyekiti wetu, Mkongo, ameandika felisitasio, yaani hongera, mara tatu.

Nilitaka kumchoma huyo samaki palepale kwenye bustani ya ukingoni. Mwari akaja, ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, akanisimamia karibu kama hakimu. Nilipogeuka kutafuta kiberiti akammeza mzima. Nimekula mkate.

Kokugonza ana zamu ndefu leo. Picha hajaiona.

Jumapili, 17 Oktoba

Njenga alipiga simu baada ya ibada ya Zoom. Nilikuwa naosha vyombo, nikaweka sauti ya nje. Kosa.

"Baba Vicky, habari ya Sunday," alisema. "Nimeona hiyo samaki. Ni poa sana. Lakini hiyo ni trauti. Kwetu Nyeri ziko mingi, maji ya mlima ni baridi. Hapa Penrith haziwezi, maji ni moto. Sikutaka kuandika kwa grupu. Nimesema nikuambie wewe tu."

Nikamwambia pengine huyu alishuka na mafuriko. Njenga akasema pengine. Alisema kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko matusi.

Kokugonza alikuwa mlangoni. Akachukua simu yangu, akaifungua picha, akaivuta kwa vidole viwili mpaka tumbo la samaki likajaa kioo.

"Baba Vicky," akasema, "huyu uliyemrudisha salama aendelee na maisha yake. Matumbo yake yako wapi?"

Nikaangalia. Muuzaji alikuwa amempasua na kumsafisha. Pengo lilionekana wazi, kidole changu gumba kimo ndani.

Akaanza kucheka. Alicheka akashika meza, akateleza mpaka sakafuni, mgongo kwenye kabati. Nilicheka pia, kwa matumaini. Kisha nikaona si kicheko tena. Alikuwa analia, kwa sauti, kilio cha Julai ambacho hakukilia Julai. Nikakaa sakafuni kando yake na glavu zangu za kuoshea vyombo. Sikujua la kufanya na mikono.

Alipoweza kusema akasema baba yake angenifukuza nyumbani kwa picha ile. Nilidhani mzee alikuwa tabibu wa zahanati tu. Alikuwa tabibu, akasema, lakini kila Jumamosi alimchukua yeye, si kaka zake, wakaenda ukingoni mwa mto Kagera na mshipi. Kuanzia asubuhi hadi jioni, maneno hayazidi kumi. Yeye ndiye aliyefunga ndoano, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vidogo. Aliwahi kumtoa kambare mrefu kuliko yeye mwenyewe.

"Miaka kumi na sita ya ndoa," nikasema. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akajibu, bila hasira. "Ulikuwa unasimulia ziwa."

Jumamosi, 23 Oktoba

Njenga ametualika. Alitukuta ukingoni kunapambazuka, na mitumbwi miwili ya plastiki, mmoja wa watu wawili. Nilidhani wa wawili ni wetu. Akauliza kama nimewahi kupiga kasia. Nikasema mtoto wa ziwa haulizwi. Nikazunguka mahali pamoja kama kijiko kwenye kikombe. Kokugonza akapanda na Njenga. Nimeandika jambo hili bila kinyongo. Kinyongo kilikuwepo mpaka kwenye kona ya kwanza.

Kwenye kona ile mji ukaisha. Kuta za mawe zikapanda pande zote mbili, nyekundu na njano, juu mpaka shingo inauma. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na sisi tukipita ndani yake, vichwa tu vinaelea. Mnyama mdogo mwenye mdomo wa bata akaibuka karibu na mtumbwi wangu, akanitazama, akazama bila kuacha hata kiputo. Njenga akanong'ona kwamba ana miaka minane huku na huyo ndiye wa pili kumwona. Nimesali katika makanisa mengi. Sijawahi kunyamaza vile.

Chini ya ukuta mmoja palikuwa na kivuli, maji meusi. Njenga akampa Kokugonza ufito wake na inzi wa umbo la nyenje. Akaanza kumweleza. Akaacha kueleza. Kokugonza alikuwa amekikata kifundo alichofunga Njenga kwenye ndoano na kukifunga upya, kwa namna yake. Kisha akarusha. Mara ya kwanza vibaya. Mara ya pili vibaya. Mara ya tatu mshipi ukafunguka mbele yake taratibu kama shuka linalotandikwa, na yule inzi akashuka mwisho kabisa, peke yake.

Maji yakafunguka.

Ufito ukapinda mpaka nikadhani umevunjika. Mtumbwi ukageuzwa, kweli ukageuzwa, watu wazima wawili ndani yake. Njenga alitaka kumsaidia. Kokugonza akamwambia, "Acha." Alilegeza, akavuta, akangoja. Uso wake sikuujua. Nilimwoa mtu huyu na sikuujua uso ule.

Alipomleta juu, samaki alikuwa mrefu kama mkono wangu toka kiwiko mpaka ncha za vidole, na zaidi. Magamba ya shaba, pezi limesimama, jicho moja kubwa jeusi linatutazama bila woga. Njenga alisema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kushika wa ukubwa ule. Nilisahau kwamba nilikuwa nashindana naye. Nilisahau simu mfukoni. Hakuna picha.

Kokugonza alimshika ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo. Akamwambia kitu kwa Kihaya. Nilisikia. Alisema, "Nenda salama, tata. Sikufika." Tata ni baba. Akafungua mikono. Samaki alikaa kidogo palepale, kana kwamba anasikiliza. Halafu hakuwepo.

Nililia kwa uwazi. Mtumbwi wangu ukaanza kuzunguka tena, hata sikujali.

Jumatatu, 1 Novemba

Mipaka imefunguliwa leo. Kokugonza amekata tiketi zetu tatu za Desemba. Atakwenda kaburini, halafu atakwenda mto Kagera. Sasa tunazungumza mpaka chakula kinapoa. Jana alinisimulia saa nzima kuhusu baba yake na mimi nilisikiliza, sikutaja ziwa hata mara moja. Karibu nilitaje. Nilijizuia.

Nimebadilika. Mto ule umenifundisha unyenyekevu. Nimemwandikia shemeji yangu mkubwa, Térence, kumweleza hivyo. Katika kueleza nimegusia kwamba dada yake amevua samaki wa ajabu, na kwamba mtu fulani ndiye aliyemfundisha. Nimegusia pia kwamba mtu huyo anakuja Desemba na njia mpya ya Australia, ya inzi wa manyoya, na yuko tayari kuwaonyesha.

Amejibu baada ya dakika kumi. Ukoo mzima umefurahi. Wametenga Jumamosi, kuna watu watatoka Bukoba mjini, na paroko amekubali kuja kubariki. Anauliza jambo moja tu, kwa sababu mahali walipopachagua wamezidi wanyama wakali siku hizi: je, hao inzi wanafaa kwa mamba?

Nimemjibu kwamba wanafaa sana.