Hotuba ya Kuchagua Mlima wa Theluji, Kutoka Jikoni Yoba

Mheshimiwa Faridi, baba Kadidja, Rais na Mwanzilishi wa Kamati ya Kwenda Kuteleza Juu ya Theluji Japani, tawi la soko la Muyinga, upande wa mitumba; Mheshimiwa Matata, makamu wake na jirani yake wa meza; Mheshimiwa Salama, jirani yangu, uliyekuja kuomba chumvi ukakaa; Mheshimiwa Kadidja, binti yetu, mwenye meno mawili na la tatu njiani; kuku na wageni waalikwa!

(Makofi. Kijiko kinaanguka.)

Awali ya yote, mimi Swabra, Mkurugenzi Mkuu wa Nyumba ya Yoba, Gitega, Idara ya Maziwa, Usingizi na Kufua, naomba radhi kwa kuchelewa kujibu dosye yenu kwa sauti hii ninayowarekodia, maana tangu mlipotuma zile sauti kwenye simu mkitaka maoni yangu kuhusu mlima upi uchaguliwe, hilo jino linatoka, na ofisi inafanya kazi imesimama, mtoto mgongoni.

Mtakumbuka kwamba projeti hii kubwa ilizaliwa siku Mheshimiwa Rais alipofungua balo la mitumba akitegemea nguo za watoto za Idi, akakuta makoti ya theluji matupu, mazito kama magodoro, na glavu, na miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea, na koti moja la njano ambalo tiketi ya mlima wa Japani bado inaning'inia kwenye zipu. Na badala ya kusema hili balo limenipiga hasara, akavaa lile la njano juani, akapiga picha, akatangaza kwamba anakwenda Japani.

(Salama: «We Swabra, na alitoka jasho!» Kicheko. Mkurugenzi anaomba utulivu.)

Sasa, kwa mujibu wa stratejia, tumechunguza milima mitatu. Wa kwanza ni Niseko, ambako mnasema theluji ni laini kama unga, lakini mi nauliza, unga usiopikika una faida gani? Wa pili ni Hakuba, mlima mkali kabisa, na hapo ofisi inakumbusha kwamba Mheshimiwa Rais aliwahi kuteleza kwenye matope ya Giheta akiwa na beseni la nyanya, akafika chini kabla ya nyanya, akainuka akilaumu barabara. Wa tatu ni Nozawa, ambako maji yanatoka ardhini yakichemka, na watu wanapikia mboga humo humo bila kuni. Kwa asilimia mia moja ya kura, yangu na ya Kadidja, Nozawa imeshinda, na mi naweza kwenda leo na nepi zote.

(Vigelegele. Kuku anatolewa nje.)

Katika kipindi hiki cha uongozi wangu mtoto amepata maendeleo makubwa: anasimama akishika ndoo, na amejifunza kusema «baba». Naomba iandikwe kwenye rapoti kwamba aliyeambiwa neno hilo, juzi mlangoni, ni Néhémie muuza mikate.

(Salama: «Na alifurahi huyo, akamwongezea andazi!» Hakuna anayecheka. Salama anaangalia chumvi yake.)

Ndiyo hivyo, Faridi. Matata alinipigia. Anasema mchana unauza mashati ya kukopa kwake, jioni unakaa juu ya lile balo ukilinganisha milima, na ukiulizwa utarudi lini unasema bado hamjachagua. Idi imepita. Mi sikuolewa na balo. Nguo mbaya zinampata kila muuzaji, na hakuna mtu hapa aliyekuandalia maneno ya kukusuta. Ugali upo, na sehemu yako ya kulala ipo, ingawa Kadidja ameichukua.

Theluji, juu! (Juu!) Faridi, nyumbani! (Nyumbani!) Muuza mikate, mlangoni tu! (Mlangoni tu!)

Nawashukuru wote mliofanikisha safari hii, ambayo haina pasipoti, haina tarehe, haikuwahi kuwa na kamati zaidi ya wanaume wawili waliokalia balo, na haikuwahi kuwepo.

Ila vitu vipo, na ofisi inaomba vitumwe Gitega kwa basi la asubuhi: glavu pea mbili, za kutolea sufuria motoni. Miwani moja, ya kukatia vitunguu. Salama naye anataka yake. Makoti mawili ya bluu, nitayafumua nimshonee mtoto blanketi, baridi ya hapa asubuhi unaijua. Suruali zile za kuzuia maji zote, za kufunika kuni. Na lile koti la njano, lisikunjwe wala lisifungwe kwenye mfuko: lije limevaliwa, mwenye nalo akiwa ndani, kabla jino la tatu halijatoka.