Nilivyosimama juu ya gurudumu jipya Nakivubo

Jamani, leo nimejiaibisha sokoni Nakivubo, mchana, watu wanaona. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnaijua baiskeli yangu, ile nyembamba ya mashindano niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kila asubuhi inabeba chapati za mke wangu kutoka Namuwongo mpaka kwa wafanyakazi wa Nakawa. Jana rimu ya nyuma ikapasuka. Bila gurudumu hakuna chapati. Na pesa niliyokuwa nayo ni ya gurudumu moja. Moja!

Leo nikaikokota mpaka kwa Mama Furaha, Mkongomani anayeuza vipuri vya baiskeli. Akanitolea matatu. La kwanza jepesi, linang'aa, spoki zake chache kama meno ya mzee. (Nililitamani. Sisemi uongo.) La pili la chuma, zito kama jiwe la kusagia. La tatu la alumini, spoki thelathini na sita.

"Papa, chukua hii ya mwisho," akasema. "Ile nzuri iko ya watu wa kushindana. Spoki yake ikikatika, utazunguka Kampala yote hupate. Ya chuma iko nguvu, lakini mvua ikinyesha breki haishike. Hii, hata kwenu Namuwongo fundi anakutengenezea."

Maneno ya akili. Ningelipa pale pale, nikaenda zangu. Lakini nilipolishika, nikasikia harufu ya grisi, na marehemu baba akanijia.

Miaka ile baada ya vita baba alikuwa anasambaza mikate kwa baiskeli kubwa nyeusi. Mimi nyuma kwenye keria, shavu langu mgongoni kwake, shati lake linanukia mikate. Kuta za mjini zilikuwa bado na matundu ya risasi, na magari machache hata ungeweza kuyasalimia moja moja. (Labda yalikuwa mengi. Nilikuwa mdogo.) Magurudumu alinunua hapo hapo Nakivubo, na alikuwa na kipimo chake: analaza gurudumu chini, anapanda juu na buti zake, miguu yote miwili, kisha anaruka kidogo. Likivumilia, ananunua. Kila niliporudi na njugu alizonituma nilimkuta amesimama juu yake kama anahutubia, mafundi wanapiga makofi. Sijamwona mwanaume mrefu kama yule. (Alikuwa mfupi.)

Nikalilaza lile la alumini chini.

"Ngoja kwanza nilipime."

"Haipimwe vile, Papa. Uzito inatoka juu, haitoke kando."

"Baba yangu alipima hivi."

"Haya. Ukivunja, umenunua."

(Nisimsingizie mama wa watu. Alinionya mara mbili. Tuseme tatu.)

Nikawaita watu wa kibanda cha pili waje waone. Niliwaita mimi mwenyewe! Nikapanda. Likavumilia. Nikatabasamu. Nikaruka kidogo.

Kwaa! Gurudumu likajikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Mimi nikaenda kukaa kwenye lundo la mipira ya tairi.

"Banange!" mtu akapiga kelele kwa Kiganda. "Sebo, bwana wangu, hilo sasa ni gurudumu au ni beseni?"

Kibanda kizima kikacheka. Akaja Kato, fundi mzee anayenyoosha magurudumu pale tangu enzi hizo. Akaniangalia sana.

"Wewe si mtoto wa Doka, yule wa mikate?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani alikuambia usimame juu ya gurudumu?"

"Baba alikuwa anasimama. Na halikukunjika hata moja."

Kato alicheka mpaka akashika nguzo. "Halikukunjika? Baba yako alikunja matatu hapa hapa! Wewe ungeonaje? Alikuwa anakutuma njugu kwanza."

Nikabaki nimekaa kwenye mipira. Njugu zote zile! Baba, na kifua chake kile, alikuwa anaogopa mimi nitamwona anaanguka. Macho yakajaa maji. (Vumbi pia lilikuwepo, nadhani.)

Nikauliza, "Sasa alikuwa anafanyaje yakikunjika?"

Kato akaligeuza gurudumu upande wa pili. "Panda tena."

"Mzee, tena?"

"Panda! Na leo hakuna njugu."

Nikapanda, nimeshika bega la Mama Furaha, na watu wote niliowaita wanahesabu: moja, mbili, tatu! Tak! Likarudi. Kato akakaza spoki karibu saa nzima, akalifunga kwenye baiskeli, Mama Furaha akapokea pesa yake bila neno la kunichoma. Nimerudi nyumbani naendesha. Gurudumu linacheza kidogo kushoto, lakini linakwenda.

Kwa hiyo kesho asubuhi mkiniona njia ya Nakawa na chapati zangu, nayumba, sijalewa. Nunueni kwanza. Mcheke mkishamaliza kula.